Kompyuta Namba 19 Iliandika Jina Langu

Alhamisi moja, saa tano na dakika kumi na nne asubuhi, nilikuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Sehemu ya kwanza ni kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

Sehemu ya pili ni ofisini, ghorofa ya pili, mbele ya kompyuta namba 19, nachapisha ramani ya mteja ambayo haikutakiwa kutoka.

Kwa kinyozi nilikwenda kweli. Ofisini sikuwepo. Lakini mfumo ulisema nilikuwepo, na mfumo wenyewe niliufunga mimi kwa mikono yangu hii miwili.

Jamani, kaeni vizuri. Hii imenitokea mimi, sikusimuliwa na mtu.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye kampuni ya kupima ardhi. Wenzangu wanakwenda viwanjani na vyombo vyao, wanapima mipaka, wanarudi kuchora ramani. Kazi yangu ni kuhakikisha kompyuta thelathini na nne zinawaka, printa kubwa ya ramani haitafuni karatasi, na Bosi hapigi kelele. Hilo la tatu sijawahi kuliweza.

Zamani kompyuta zetu zote zilikuwa chini ya sava moja, yaani kompyuta mama. Ilikaa stoo, chini ya ngazi, inanguruma mchana kutwa. Ukiandika jina lako na nywila asubuhi, kompyuta inaenda kuuliza kule chini ya ngazi: huyu ni wetu? Sava ikikubali, unaingia.

Basi ile sava ikazeeka. Ikawa inazima yenyewe ikijisikia. Bosi akasema, "Tunahamia kwenye wingu. Nakupa wiki moja." Wingu, yaani sava za kukodi zilizoko mbali, unazifikia kwa intaneti.

Wiki moja, kompyuta thelathini na nne, fundi mmoja. Nikasema sawa, mkuu. Ningesema nini?

Kazi yenyewe iko hivi. Unaiondoa kompyuta kwenye sava ya zamani, unaizima, unaiwasha. Ikiamka inauliza: nani mwenye kompyuta hii? Hapo inabidi akae mfanyakazi mwenyewe. Aandike jina lake, simu yake ipokee namba ya kumthibitisha, kisha achague tarakimu sita za siri za kufungulia. Kuanzia siku hiyo, kila atakachofungua, kuchapisha au kufuta kinaandikwa kwa jina lake huko kwenye wingu, na hakifutiki.

Bosi alilipenda sana hilo la kutofutika.

"Sasa tutajuana," alisema kwenye kikao, huku anasaini rundo la barua bila kuziangalia, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Ndivyo anavyosaini siku zote.

Watu wakacheka. Mtu mmoja hakucheka.

Huyo ni Mama Ramani. Ndiye mtunza ramani wetu, mwenye kompyuta namba 19. Yuko pale miaka ishirini na sita, amebakiza miezi mitano astaafu. Ukimtajia kiwanja anakwambia kilipimwa mwaka gani, na nani, na siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha.

Akaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, hilo wingu lako litajuaje kwamba mimi ni mimi?"

"Litajua tu, mama."

"Na likikosea, nani atalisahihisha?"

Swali gani hilo? Nikaanza kumtilia shaka hapo hapo. Mtu asiye na la kuficha anauliza hivyo kwa nini?

Nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni, na nilichokiona hakikunifurahisha.

Ana daftari. Daftari la kawaida, jalada la bluu, linakaa kwenye droo yenye kufuli. Kila akifanya kitu kwenye kompyuta, anaangalia saa ya ukutani, anafungua droo, anaandika. Ukikaribia, anafunika kwa kiganja.

Siku moja nikamuuliza kimasihara, "Mama, unaandika barua za mapenzi?"

"Naandika yangu," akasema, akafunga droo. Ufunguo ukaingia kwenye pochi.

Wiki ile ile nikamkuta peke yake kwenye mashine ya kutoa nakala. Ameweka kipande kidogo cha karatasi, kidogo mno, hakina hata ukubwa wa kiganja. Aliponiona akakichomoa haraka, akakibana mkononi.

"Unatoa nakala ya nini, mama?"

"Ya kitu nilichopewa."

Akapita. Nikasema moyoni, huyu mama ana mchezo wake.

Sasa turudi kwenye ile Alhamisi ya kinyozi. Kichwa changu kilikuwa kama shamba lililotelekezwa, na jioni nilikuwa na shughuli ukweni. Nikamwambia dada wa mapokezi naenda kununua waya, nikaenda kunyolewa. Saa moja tu. Nani angejua?

Jumanne iliyofuata, mteja mmoja mzito aliingia ofisini akitoa moshi puani. Huyu mzee ana kiwanja, na amegombana na jirani yake juu ya ukuta. Sisi ndio tuliopima. Vipimo vyetu vilionyesha ukuta wa huyu mzee umeingia mita mbili kwa jirani.

"Jirani yangu ana ramani yenu!" alifoka. "Ananipungia usoni barabarani! Nani kampa?"

Bosi akaniita. Mlango ukafungwa.

"Hebu uulize huo mfumo wako."

Nikafungua. Nilikuwa na raha kabisa, maana hii ndiyo siku ya mfumo kung'ara. Nikaandika namba ya ramani, nikabonyeza.

Jibu likaja: imechapishwa Alhamisi, saa tano na dakika kumi na nne, kompyuta namba 19.

Mtumiaji: mimi.

Bosi alisoma polepole, akaninyanyulia macho.

"Hii nini?"

"Mkuu, sikuwa mimi. Siku hiyo nilikuwa..." Nikakumbuka waya. "Nilikuwa nje."

"Nje wapi?"

Ikabidi niseme. Kinyozi. Muda wa kazi. Bosi alikiangalia kichwa changu kana kwamba anakihesabu nywele.

"Nani anajua namba yako ya siri?"

"Hakuna, mkuu. Hata mke wangu haijui."

"Basi ni wewe, au ni mtu aliyekuibia. Chagua."

Ndugu zangu, woga ni kitu kibaya. Sikufikiria hata dakika mbili. Nikasema, "Hiyo ni kompyuta ya Mama Ramani."

Halafu nikaongeza. Hakuna aliyenituma, niliongeza mwenyewe. Nikasema habari za daftari, za droo yenye kufuli, za karatasi kwenye mashine ya nakala. Nikafungua kumbukumbu zake huko kwenye wingu, nikapata kitu cha kumtisha mtu yeyote.

Tangu tuhame, zaidi ya wiki mbili, jina la Mama Ramani halikuwa limeingia hata mara moja. Hata mara moja! Na mama huyu yuko kazini kila siku kabla ya mfagizi.

"Umeona, mkuu?" nikasema. "Anajificha ndani ya jina langu."

Mama Ramani akaitwa. Alisimama mbele ya meza, hakuambiwa akae.

Bosi akamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyenipa hiyo namba."

"Mimi?" Sauti ikanitoka nyembamba. "Mama, mimi siwezi kumpa mtu namba yangu ya siri. Mimi ndiye ninayewafundisha watu wasigawe!"

"Ulinipa."

"Sijakupa."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Akamwambia Bosi, "Nina daftari langu. Ruhusu nikalilete, kila kitu nimeandika humo."

Bosi akapunga mkono. "Mama, mambo ya madaftari tumeshayaacha. Mfumo umesema. Utakaa nyumbani mpaka tuamue, na jiandae kwa lolote."

Miaka ishirini na sita. Akaenda mezani kwake, akachukua pochi, miwani na daftari. Akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani. Watu wote walijifanya wanafanya kazi.

Mimi nilijiona nimepona. Ndiyo, nasema ukweli, nilipona. Jioni nikala vizuri.

Jumatano asubuhi nikasema ngoja nitafute ushahidi wa kumalizia kabisa. Nikaufungua mfumo, nikauliza: jina langu limefungua kompyuta zipi wiki hii?

Ikaja orodha.

Namba 19. Sawa, hiyo naijua. Namba 20. Namba 21. Ishirini na mbili. Nikashuka chini, bado inaendelea. Mpaka namba 29.

Kompyuta kumi na moja. Zote mimi. Na zote zilikuwa zimefunguliwa Jumatatu kati ya saa mbili na saa mbili na nusu.

Wezi kumi na moja? Ofisi nzima imenigeuka?

Namba 20 ni ya mchoraji mmoja mpole, hata kuku hawezi kumfukuza. Nikamwendea nyuma ya kiti chake. Alikuwa anachora. Pembeni ya skrini, juu kabisa, jina lililoandikwa ni langu.

"Kaka," nikamwambia, "mbona unatumia jina langu?"

Akageuka, kashangaa kabisa. "Si wewe ulisema tutumie? Kikaratasi chako hiki hapa."

Akainua kibodi. Chini yake kulikuwa na kikaratasi cha njano, cha kubandika. Tarakimu sita. Na maneno: "Ingia kwa hii, nitarekebisha baadaye."

Mwandiko wangu.

Ikanijia yote kwa pamoja. Ile wiki ya kuhama, siku ya nne, nilikuwa nimechelewa vibaya. Huyu hayupo mezani, yule simu yake haina chaji, yule kasahau nywila. Nikaona nitafanyaje? Kila kompyuta ikiuliza nani mwenye kompyuta hii, nikawa naandika jina langu. Tarakimu zile zile kwenye zote. Nikabandika kikaratasi, nikasonga. Kumi na moja kwa siku moja. Nikamwambia Bosi kazi imekwisha.

Na hiyo "baadaye" haikufika. Niliisahau kama mtu anavyosahau alipoweka mwavuli.

Nikakumbuka na kingine, na hiki ndicho kibaya zaidi. Siku ile Mama Ramani alisimama nyuma yangu, akanyoosha kidole kwenye skrini, akasema, "Mbona hapo kuna jina lako? Si kompyuta yangu hii?"

Nami nikamjibu bila hata kugeuka, "Ni utaratibu tu, mama. Wewe ingia tu."

Nikaenda mpaka namba 19. Kiti chake kimesukumwa ndani vizuri. Nikainua kibodi. Kikaratasi kipo.

Nikakibandua. Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Hapa ndipo mtajua mimi ni mtu wa namna gani. Nilikitia mfukoni, nikanyamaza.

Jumatano nikanyamaza. Alhamisi nikanyamaza. Nikizunguka kwenye zile kompyuta nyingine, navikusanya vikaratasi kimoja kimoja nikijidai nafuta vumbi. Kila nikimwona Bosi nasema nitamwambia, kisha nakumbuka kinyozi, nakumbuka "sijakupa", ulimi unakuwa mzito.

Ijumaa mke wangu akanikuta mezani navitazama.

"Hizi ni nini?"

Nikamweleza. Nilidhani atanihurumia. Akachukua kikaratasi kimoja, akasoma zile tarakimu.

"Hii si tarehe ya harusi yetu?"

"Ndiyo."

"Umewagawia watu kumi na moja tarehe ya harusi yetu, halafu unamwita mama wa watu mwizi?"

Nikaanza kuvikusanya vile vilivyobaki mezani.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kesho usiponiambia umekwenda kwa huyo mama, nitakwenda mimi. Na nitakwenda na hivi."

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mama Ramani. Nyumba ndogo, safi, viatu vimepangwa kwa saizi. Nikabisha hodi.

Alifungua mwenyewe. Hakushangaa.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. Nikatoa kikaratasi cha namba 19, nikakiweka mezani. Nikasema, "Mama, ulisema kweli. Nilikupa mimi. Nilisahau. Na nilipokumbuka, nikaficha siku tatu. Nisamehe."

Nililia, msinicheke. Mtu mzima na kichwa changu kipya cha kinyozi.

Aliniacha nilie. Kisha akavaa miwani, akaleta daftari la bluu, akafungua ukurasa, akanigeuzia.

Kulikuwa na nakala ya kikaratasi changu. Imebandikwa kwa gundi, pembeni imeandikwa tarehe na saa. Chini yake: "Nimepewa na fundi. Jina kwenye mashine si langu. Nimeuliza. Amesema ni utaratibu. Kuanzia leo nitaandika mwenyewe ninachofanya."

Ile karatasi ndogo aliyoibana mkononi kwenye mashine ya nakala! Ndiyo hiyo.

Akafunua mbele. Kila siku, kila ramani, kila saa. Mama wa watu alikuwa anajiwekea kumbukumbu kwa mkono, kwa sababu kompyuta niliyompa ilikuwa inaandika jina la mtu mwingine.

Akafika Alhamisi ile. "Saa tano na dakika kumi na nne. Nakala ya ramani ya mpaka kwa jirani, kama utaratibu: wote wawili wapate kabla mawe ya mpaka hayajasimikwa. Kwa barua ya mkurugenzi." Na nakala ya barua imekunjwa humo humo.

Chini kuna sahihi ya mkurugenzi mwenyewe, yaani Bosi.

Yaani hakuna kilichoibiwa. Hakuna mwizi. Bosi aliitoa ile ramani mwenyewe, simu begani, bila kusoma.

"Mama, kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliomba nikalete daftari. Nani alinisikiliza?"

Kisha akavuta bahasha nene iliyokuwa chini ya kitambaa cha meza. Imefungwa, imeandikwa kwa wenye kampuni, wanaomlipa Bosi.

"Humu mna barua yangu, nakala ya sahihi yake, na nakala ya mwandiko wako," akasema. "Jumatatu asubuhi ingeondoka. Nilitaka kwanza nione kama karatasi utaileta mwenyewe."

Nilikuwa nimebakiza siku mbili tu. Jasho lilinitoka hadi kwenye nyayo.

Akaangalia saa ya ukutani, akachukua kalamu, akaandika. Safari hii hakufunika kwa kiganja. Nikasoma kichwa chini miguu juu:

"Jumamosi, saa nne na dakika ishirini. Fundi amekuja kwa miguu yake. Karatasi ameileta yeye."

Jumatatu tuliingia kwa Bosi pamoja. Mama Ramani aliweka barua mezani. Bosi akasoma, akafika kwenye sahihi, akasoma tena.

"Hii... ni sahihi yangu."

"Ndiyo," mama akasema. "Ilikuwa Jumatano, saa tatu na nusu. Ulikuwa unaongea na simu. Nimeandika."

Bosi aliinuka kwenye kiti chake, akamwomba msamaha kwa kusimama, na baadaye akarudia mbele ya ofisi nzima. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na funguo za ile stoo ya chini ya ngazi nikanyang'anywa miezi mitatu. Sikulalamika. Nikaamriwa nizirudie kompyuta zote kumi na moja, moja moja, mwenyewe akiwa amekaa.

Nilianza na namba 19.

Ikazima, ikawaka, ikauliza: nani mwenye kompyuta hii?

Nikasogea pembeni. Mama Ramani akaandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, hakuharakisha. Simu ikalia, akathibitisha. Tarakimu sita akaziingiza huku amezifunika kwa bega nisizione. Safi kabisa, mama, ndivyo inavyotakiwa.

Skrini ikamkaribisha kwa jina lake.

"Sasa nikichapisha, itasema ni mimi?"

"Itasema ni wewe, mama."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akafungua droo, akatoa daftari la bluu, akaangalia saa ya ukutani, akaandika.

Sikumuuliza anaandika nini.

Nilichojifunza ni hiki, na nakuachia na wewe msomaji. Nilimshuku mtu wiki kadhaa kwa sababu anaandika kila anachofanya, na mimi niliyekuwa nafanya bila kuandika nikajiona ndiye mwaminifu. Ukitaka kunyoosha kidole, kwanza inua kibodi uangalie chini yake. Mimi niliinua nimechelewa, na mama wa watu alikuwa ameshashuka ngazi.